Mkemia Asiye na Chupa

Nilipokuja likizo hapa Kinama jirani mmoja aliniuliza: "Mkemia gani wewe, huna chupa wala moto?" Swali la haki. Kazi yangu yote imo katika kompyuta ndogo iliyo mezani, nami nataka kueleza inafanya nini.

Rangi ya kitu, ugumu wake, na kama kinapitisha umeme, yote hutokana na jinsi elektroni zake zinavyokaa. Kanuni ya kuzihesabu iliandikwa na Bw. Erwin Schrödinger mwaka 1926. Kanuni ni njema. Taabu ni kuikokotoa. Molekuli moja ya maji ina elektroni 10, na kila moja yahitaji vipimo 3 kueleza ilipo. Hivyo ni vipimo 30. Ukichukua nafasi 10 tu kwa kila kipimo, jedwali lako litakuwa na tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 30. Hakuna kompyuta duniani iwezayo kulihifadhi. Na hayo ni maji, si dawa ya malaria.

Sasa fikiri soko letu la Kinama asubuhi. Ukitaka kuandika kila mtu yuko wapi na wenziwe wote wako wapi wakati uo huo, utachoka kabla hujamaliza safu ya mboga. Lakini waweza kuuliza tu: kila mahali pana msongamano gani? Mwaka 1964 Bw. Pierre Hohenberg na Bw. Walter Kohn walithibitisha kwamba kwa elektroni zilizotulia, msongamano peke yake watosha. Vipimo 30 vikawa 3. Mwaka 1965 Kohn na Bw. Lu Jeu Sham wakaonyesha njia ya kukokotoa. Kohn, mwanafizikia, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998. Sisi wakemia hatukununa.

Hata hivyo sehemu moja ya kanuni hiyo hukisiwa tu. Chukua silikoni, iliyomo katika vibao vya umeme wa jua. Nishati ya kuifanya elektroni iruke na kutiririka ni elektroni-volti 1.1 hivi, makisio ya kawaida hutoa 0.6 hivi. Kosa kubwa!

Ziko njia sahihi zaidi, lakini tazama bei yake. Kwa njia ya Kohn, elektroni zikiwa maradufu kazi huongezeka mara 8. Kwa njia moja inayosifiwa sana kwa usahihi, mara 128: hesabu ya saa 1 yawa ya siku 5 na saa 8. Hapa Kinama sijaona umeme ukikaa siku 5. Basi wepesi wa njia ndio unaoamua nani atafanya kazi hii na nani ataisoma tu.

Kwa hiyo twatafuta hila. Atomu ya silikoni ina elektroni 14, lakini 10 za ndani hazijali jirani. Tunaziwakilisha kwa kanuni fupi na kuhesabu 4 za nje. Programu ya Quantum ESPRESSO, itolewayo bure, hufanya hivyo. Vijana wa Afrika walifundishwa hesabu hizi Eldoret mwaka 2012 na Kigali mwaka 2023.

Juzi umeme ulikatika katikati ya hesabu. Programu huandika hatua zake, nikaiendeleza asubuhi. Mwanafunzi atakaye kuona aje na kompyuta yake. Hata kuukuu yafaa.