Wati hamsini za nini katika chumba kimoja?

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii hunijia akilini kila ninapowasikia vijana wa Manyatta, wakiwemo wanafunzi wa vyuo, wakijadiliana kuhusu ununuzi wa amplifaya ya kwanza ya gitaa. Mazungumzo yao huanzia kwenye wati na kuishia papo hapo. Mwenye wati 50 humcheka mwenye 15, naye mwenye 5 hunyamaza kabisa. Kwa maoni yangu, wanaanza kwa kupima kisichofaa kupimwa kwanza, na gharama yake ni akiba ya miezi mingi pamoja na ujirani mwema.

Kwanza tuafikiane kuhusu maneno. Lugha yetu ina kipaza sauti, lakini neno hilo limekwisha kubebeshwa mizigo miwili: chombo cha kusemea na chombo cha kutolea sauti. Kile kilicho katikati, kinachopokea umeme dhaifu kutoka kwenye gitaa na kuupa nguvu ya kuisukuma spika, wapigaji hukiita amplifaya, nami nitawafuata. Valvu nayo ni ile chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo wazee wetu wanaikumbuka katika redio zilizosubiri kupata moto kabla ya kusema.

Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyebuni valvu ya kukuza mawimbi mwaka wa 1906. Transista ilipovumbuliwa mwaka wa 1947, ilianza kuifukuza valvu katika redio na televisheni. Katika amplifaya za gitaa, hata hivyo, valvu haikufukuzika. Sababu ni kwamba inaposukumwa karibu na kikomo chake haikati wimbi la sauti ghafla, bali hulibana polepole, na katika kulibana huko huzidisha sauti ndogo za juu zinazoandamana na sauti ya msingi. Mwanafunzi wa fonetiki hatashangaa. Ni uwiano wa sauti hizo ndogo unaotuwezesha kutofautisha irabu a na i, hata zikiimbwa kwa kidatu kimoja.

Hapo ndipo hesabu ya wati inapoingia. Utamu huo hupatikana valvu inapofanyishwa kazi barabara. Amplifaya ya wati 50 haifiki hapo mpaka ivume kama iko katika ukumbi wa dansi. Sasa zitazame nyumba zetu za kupanga: vyumba vimejengwa safu moja, familia mbili hutenganishwa na ukuta mmoja, na mara nyingi juu kuna mabati yasiyo na dari. Upande wa pili yupo mtoto anayejiandaa kwa mtihani, au muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Mwenye wati 50 atalazimika kuinyong'onyeza sauti hadi inong'one, na valvu alizozilipia hazitampa alichokitafuta.

Isitoshe, sikio halihesabu kama duka linavyohesabu. Ili sauti isikike kuwa imekua maradufu, nguvu huhitaji kuongezwa takriban mara kumi. Kwa hiyo wati 50 husikika kama maradufu tu ya wati 5, na tofauti kati ya wati 15 na 30 ni ndogo mno. Spika nzuri yaweza kuleta tofauti kama hiyo bila kuongeza hata wati moja.

Swali la pili ni hili: utapiga muziki gani? Kwetu kandokando ya ziwa, jibu mara nyingi ni benga. Gitaa la solo la benga hudonoa noti moja moja kwa kasi, likikumbusha nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. D. O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz aliyefariki mwaka wa 2006, aliueneza mtindo huo pande zote za mpaka wa Kenya na Tanzania. Mtindo huo wadai sauti safi, kila noti ikitengana na jirani yake. Amplifaya ya wati 5 huanza kukwaruza mapema ikipandishwa. Apendaye roki au bluzi atafurahia mkwaruzo huo, na hizo 5 zitamtosha. Mpigaji wa benga aangalie wati 10 hadi 15 na spika ya inchi 10 au 12, kisha asiipandishe sana.

Suala la umeme halina mzaha. Umeme wetu ni wa volti 240, ilhali wa Marekani ni 120. Amplifaya ya mtumba iliyotengenezewa soko la Marekani, ikichomekwa ukutani moja kwa moja, yaweza kuungua papo hapo. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kutoa pesa. Hakikisha soketi ya chumbani ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Usiiwashe amplifaya ya valvu kabla ya kuiunganisha na spika, kwani transfoma yake ya kutolea sauti yaweza kuharibika. Wala usiifungue ukidhani kwamba kuichomoa kunatosha: ndani yake volti mia tatu au zaidi zaweza kubaki zikisubiri kidole. Mwite fundi anayezijua valvu.

Sisemi kwamba kila mwanafunzi lazima awe na valvu. Hizo huchoka na hubadilishwa, nazo hugharimu. Anayefanya mazoezi usiku wa manane atahudumiwa vyema zaidi na kifaa cha transista au cha kidijitali chenye tundu la visikizi. Walimu wanaonunulia shule vyombo nao wakumbuke kwamba mtoto anayejifunza huhitaji kwanza gitaa lililo sawa.

Lakini aliyekwisha kuamua kununua valvu, nasaha yangu ni fupi. Aende na gitaa lake mwenyewe, alipige kwa sauti atakayoweza kuitumia nyumbani, na ayasikilize yale anayoyapiga kila siku. Amplifaya isiyopendeza ikiwa chini haitapendeza Manyatta, kwa maana huko itakuwa chini siku zote.