Mgeni, Kitanda na Mzigo: Vyumba vya Bei Nafuu Johannesburg

Mswahili akikuambia yuko hotelini, huenda yuko mbele ya sahani ya chapati na maharage. Pa kulala pana jina lake: gesti kwa Mtanzania, lojing kwa Mkenya, na huko hakuna anayetarajia kupikiwa. Lugha yetu ilitenganisha kitanda na chungu muda mrefu kabla kampuni kubwa za hoteli hazijagundua kwamba kuvitenganisha kuna faida.

Ziligundua karibu kwa wakati mmoja, katikati ya miaka ya 1980. Ufaransa, Accor ilianzisha Formule 1, vyumba vidogo kando ya barabara kuu. Japani, Toyoko Inn ilifungua hoteli yake ya kwanza Kamata, Tokyo, mwaka 1986. Leo mchuuzi wa kampuni anayeshuka kwenye theluji ya Sapporo hulala humo akijua chumba kitafanana na kile alichokiacha jana mji mwingine. Na Johannesburg, mwaka 1985, Hans Enderle alifungua City Lodge ya kwanza katika kitongoji cha Randburg: chumba safi, bafu la ndani, stafutahi asubuhi, na jioni mgeni ajitafutie chakula. Kwa kipimo chetu alifungua gesti, ila gesti yenye mahesabu ya benki.

Kwa Afrika Kusini ule haukuwa mwaka wa kufungua kitu. Mwezi Julai serikali ya makaburu ilitangaza hali ya hatari. Agosti mabenki ya nje yalikataa kuongeza muda wa mikopo, randi ikaporomoka, na soko la hisa la Johannesburg likafungwa kwa siku kadhaa. Lakini mwaka wa shida ndio mwaka ambao mhasibu wa kampuni huanza kuuliza kwa nini mtu wa mauzo alazwe kwenye hoteli yenye bwawa na mpiga piano. Nadhani Enderle aliuza jibu la swali hilo. Mwaka 1992 kampuni yake iliingia soko la hisa, na katika muongo huohuo ikawa na ndugu wadogo, Town Lodge na Road Lodge, huyu wa mwisho akiwa ndiye wa bei ya chini kabisa. Leo ina hoteli kama 60, nyingi Afrika Kusini na chache Botswana, Namibia na Msumbiji.

Mshindani wake alikuja kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Southern Sun lilileta jina la Formula 1 kutoka kwa Wafaransa, na baadaye hoteli hizo zikaitwa SUN1. Hesabu yao ni nyepesi: bei ni ya chumba, si ya kichwa, na kitanda cha juu huruhusu watu watatu kulala. Tuseme chumba ni randi 800. Ukibadilisha harakaharaka unapata zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania, au elfu kadhaa za Kenya. Mmoja peke yake ataguna. Watatu wakigawana, wanalala kwa bei ya gesti ya kawaida Kariakoo.

Ila tazama hoteli hizi zilipojengwa. Ziko kwenye makutano ya barabara kuu, karibu na viwanja vya ofisi vya Sandton, Rivonia na Midrand, na maegesho ni makubwa kuliko sehemu ya mapokezi. Zilijengwa kwa ajili ya mtu mwenye gari la kampuni. Alipokuwa akichorewa chumba mtu huyo alikuwa Mzungu. Hadi katikati ya miaka ya 1970 hoteli za Wazungu nchini humo kwa kawaida hazikumpokea mgeni Mwafrika, na hata baada ya hapo ilihitajika hadhi maalumu ya hoteli ya “kimataifa” ili kumpokea. Rangi ya mgeni imebadilika. Ramani haijabadilika. Asiye na gari akilala Road Lodge analipa chumba mara moja na teksi mara nne: kwenda mjini, kurudi, kwenda kula, kurudi. Nafuu inaishia barabarani.

Waafrika Mashariki tuliwahi kuletewa mtindo huu nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 City Lodge iliingia Nairobi kwa kununua hisa katika Fairview, hoteli ya zamani ya Upper Hill yenye bustani, pamoja na jirani yake iliyogeuzwa kuwa Town Lodge. Kisha ikajenga Two Rivers, kando ya jumba la maduka, na nyingine katikati ya Dar es Salaam. Halafu ikaja korona. Afrika Kusini ilifunga milango usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 2020. Hoteli zisizo na chochote cha kuuza ila kitanda zikabaki bila chochote cha kuuza. Kampuni iliwaomba wenyehisa wake randi bilioni 1.2 ili ipumue, na mwaka 2021 ikakubali kuziuza hoteli zake zote za Kenya na Tanzania. Mnunuzi alikuwa na jina ambalo halihitaji kamusi: Ukarimu.

Janga hilo lilivunja pia mwiko wa mwanzilishi. City Lodge iliyozaliwa bila jiko la jioni sasa inapika mchana na usiku, kwa sababu sahani moja inapunguza maumivu ya chumba kitupu. Gesti imekuwa hoteli, kwa maana yetu ya Kiswahili.

Lakini anayetaka kuijua biashara ya vitanda vya Johannesburg akiishia kwenye taarifa za soko la hisa atakuwa amesoma nusu ya daftari. Nusu ya pili iko katikati ya jiji, kati ya stesheni ya Park na mtaa wa Rahima Moosa, ambao wengi bado wanauita Jeppe.

Zamani katikati ya jiji palikuwa na hoteli zenyewe hasa. Carlton, yenye ghorofa 30, ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kulaza watu wakubwa wa dunia. Wenye ofisi walipohamia Sandton ikakosa wageni, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikafungwa. Jengo bado limesimama, tupu. Johannesburg Sun, yenye ghorofa zipatazo 40, ilifuata mkondo uleule. Wachumi waliandika kwamba katikati ya jiji pamekufa. Wafanyabiashara wa Ethiopia hawakusoma taarifa hiyo. Walikodi majengo yaliyokuwa na zahanati za madaktari mtaani Jeppe, wakavikata vyumba vya kupimia wagonjwa kuwa vibanda vya upana wa mikono miwili, wakapanga nguo, mablanketi, mashuka na vipodozi hadi darini.

Mteja wao ni mama wa Lusaka, kijana wa Blantyre, mwalimu wa Bulawayo aliyeacha chaki. Mtafiti wa mipango miji Tanya Zack, ambaye ameipita mitaa hiyo kwa miguu kwa miaka mingi, aliwahi kukadiria kwamba wanunuzi wa kuvuka mpaka huacha kama randi bilioni 10 kwa mwaka katikati ya Johannesburg. Hizo ni fedha za kufungulia benki, na zinatembea ndani ya soksi na mikanda ya nguo.

Kiswahili utakisikia humo, ingawa huenda si kile ulichokitarajia. Mtanzania wa Kariakoo siku hizi mara nyingi hufuata mzigo Guangzhou au Dubai, na Mkenya wa Eastleigh vivyo hivyo. Anayekuja Jeppe kwa basi akisema Kiswahili mara nyingi ametoka Lubumbashi. Amepita mpaka wa Kasumbalesa, akaikata Zambia yote, akavuka Zambezi, akapanga foleni mpakani Beitbridge, na akishuka stesheni ya Park miguu imevimba. Mtu huyu hatafuti chumba chenye mandhari. Anauliza mambo matatu: geti linafungwa saa ngapi, mzigo utakaa wapi, na basi la kurudi linapakia umbali gani.

Hapo ndipo hoteli ndogo za katikati ya jiji zinapoishinda kampuni ya soko la hisa bila kutangaza popote. Jengo limechakaa, lifti ina siku zake, bafu ni la pamoja. Lakini mlinzi yuko mlangoni usiku kucha, kuna chumba cha kuwekea mizigo, kuna makuli wanaojulikana kwa sura, na mabasi yako karibu kiasi kwamba marobota yanafika kwa toroli bila kuhitaji gari. Mteja hulipia kitanda. Anachonunua ni mita mia chache ambazo hatatembea na pesa mkononi. Kuporwa kati ya duka na malazi ndiyo gharama kubwa kuliko zote mjini hapa, na haiandikwi kwenye risiti. Wala si vibaka peke yao: polisi kumsimamisha mgeni na kumtaka “chai” ni lalamiko la miaka mingi. Mwenye gesti anayejua kulizungumza jambo hilo na kituo cha jirani ana mtaji ambao hakuna benki itakayompa mkopo juu yake.

Nenda sasa kwenye hoteli ya kampuni kule Sandton na mifuko sita ya shangazi kaja iliyozungushiwa selotepu. Hakuna atakayekufukuza. Watakutabasamia, wakuombe kadi ya benki kwa ajili ya dhamana, na kukueleza kwa adabu kwamba mizigo haikai ukumbini.

Waislamu wana njia yao. Mzanzibari au mtu wa Mombasa huelekezwa Fordsburg na Mayfair, magharibi kidogo ya jiji, ambako adhana inasikika na chakula cha halali hakitafutwi. Fordsburg ina Oriental Plaza, soko lililojengwa miaka ya 1970 kuwahamishia wafanyabiashara wa Kihindi waliofukuzwa Pageview. Mayfair ina Wasomali wengi hadi sehemu yake moja inaitwa Mogadishu Ndogo. Malazi yapo juu ya maduka, bei ni ya kuongea, na si ajabu mwenye nyumba akamjua mjomba wako wa Eastleigh. Maduka ya jumla ya Wachina, Dragon City na China Mall, hayako mbali. Kwa anayefuata mzigo mdogo na kurudi kwa ndege, ningesema hapa ndipo penye hesabu nzuri kuliko kote.

Anayepita tu hulala Kempton Park, karibu na uwanja wa ndege wa OR Tambo, kwenye nyumba za familia zilizogeuzwa gesti, nyingi zikiwa na gari la kumpokea mgeni bila malipo. Wenyeji wana ujanja mmoja wa treni ya Gautrain: safari inayoanzia au kuishia uwanjani hutozwa nauli ya juu sana, lakini Rhodesfield, kituo kinachofuata, ni nauli ya kawaida. Gesti iliyo karibu na Rhodesfield inauza tofauti hiyo. Tangu Januari 2023 Wakenya wanaingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90, na nyumba hizi zinanufaika na ugeni wa aina hiyo, usiku mmoja, mbili.

Gharama za ndani, kwa wenye hoteli wote, zimepanda kwa sababu zilezile. Mgawo wa umeme ulioanza mwaka 2007 ulifika kileleni mwaka 2023, ambapo siku zenye umeme kamili zilikuwa za kuhesabika. Mwenye hoteli kubwa alinunua jenereta na kupitisha dizeli kwenye bei ya chumba. Mwenye gesti alinunua betri ya taa na kuomba radhi. Umeme ulitulia kuanzia mwishoni mwa Machi 2024, kisha maji yakachukua zamu. Matanki ya maji ya JoJo sasa yamesimama nyuma ya kila jengo lenye akili. Mgeni mzoefu hafungui kwanza televisheni; anafungua bomba.

Chini ya haya yote kuna ngazi nyingine, ambayo ni vigumu kuiita biashara ya hoteli ingawa kodi inalipwa kila wiki. Ni majengo yaliyotelekezwa na kutekwa na magenge, yaliyogawanywa kwa mbao na maboksi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 moto uliteketeza mojawapo, Usindiso, mtaa wa Albert, na kuua watu zaidi ya 70, wakiwemo wahamiaji. Jengo lilikuwa mali ya manispaa yenyewe. Tangu hapo ukaguzi wa majengo umekuwa wimbo wa kila mwanasiasa, na wenye gesti halali ndogondogo wanalalamika kwamba mkaguzi huanzia kwao, kwa kuwa wao wana anwani na mlango wa kugonga.

Pengo lililobaki sokoni linaonekana siku ya Ijumaa. Johannesburg ni jiji la kazi: hoteli za Sandton hujaa Jumatatu hadi Alhamisi, kisha mtu wa mauzo anarudisha ufunguo na bei inashushwa. Usiku huohuo basi la Lubumbashi linaingia stesheni ya Park. Kilomita kama 15 kaskazini kuna vyumba vitupu, mashuka yamenyooshwa, kahawa iko mezani. Mjini watu wanne wamelala chumba kimoja, wawili kitandani na wawili juu ya marobota.