Kofia Juu ya Fuvu

Sanduku la mbao lenye kioo mbele, dogo kiasi cha kukaa kiganjani. Ndani mna harusi: bibi amejitanda shela, bwana kavaa kofia ya pama, padri kashika kitabu, wapiga gitaa wamejibanza pembeni. Wote mifupa mitupu. Vijisanamu vya namna hii hufinyangwa Mexico kwa udongo au karatasi na gundi, na hujaa masokoni kuelekea Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2.

Mgeni huambiwa upesi kuwa kifo hakichagui tajiri wala maskini. Sawa, lakini maelezo hayo yanamwachia tajiri mlango wa kutokea. Tangu enzi za Wahispania, hadhi ya mtu nchini humo ilisomwa kwenye ngozi: Mhispania juu, chotara katikati, mwenyeji wa asili na mtumwa Mwafrika chini. Mfinyanzi akishaivua sanamu ngozi, kipimo hicho kimekwenda. Vinabaki vitu tu: huyu ana ufagio, yule sigara nene, mwingine brashi ya viatu. Ubwana wote umebaki kwenye nguo, na nguo yenyewe ni ya udongo.

Aliyeutia utani huu makali ni José Guadalupe Posada, mzaliwa wa Aguascalientes mwaka 1852, aliyechonga picha za kuchapwa kwenye karatasi za bei poa kwa mchapaji Antonio Vanegas Arroyo, jijini Mexico City. Ilikuwa enzi ya Rais Porfirio Díaz, wakubwa wakiiga Paris kwa mavazi hadi majengo. Hata hivyo, fuvu mashuhuri la Posada, lile lenye kofia pana ya manyoya, halikumlenga tajiri. Lilimlenga “muuza dengu”, mwanamke mwenyeji wa asili anayejitia Uzungu na kuwakana wazee wake. Posada alimpa kichwa na kofia, gauni hakumpa. Ni kijembe kitamu, ila naona kilimwonea. Si yeye aliyeweka sheria kwamba weupe ndio cheo.

Posada mwenyewe alifariki Januari 1913, akazikwa bure katika kaburi la daraja la sita. Ndiyo, hata makaburi yalikuwa na madaraja. Baadaye mifupa yake, isiyo na wa kuidai, ilitupwa kwenye shimo la pamoja.

Gauni lilikuja na mchoraji Diego Rivera. Katika mchoro wa ukutani alioumaliza mwaka 1947, fuvu lile limepata mwili na jina la Catrina, limeshikana mikono na Posada katikati ya bustani ya Alameda, huku pembeni askari akiifukuza familia ya wenyeji wa asili. Mchoro huo ulikuwa wa Hoteli del Prado, ya kifahari.

Tangu hapo Catrina amepanda daraja. Wafinyanzi wa Capula, jimboni Michoacán, humtengeneza mrefu, shingo nyembamba, gauni la marinda, naye hununuliwa na watu wenye makabati ya kioo. Muuza dengu, hatimaye, kaingia sebuleni. Mimi ningemwacha huko nikachukue kazi za Roberto Ruiz, fundi wa Oaxaca aliyechonga viunzi vya sentimita chache kutoka mifupa ya ng'ombe. Kwake hata shetani na malaika wana kazi ya kufanya.