Majirani Wasioaminiana: Argentina na Brazili

Tufundishapo habari za amani, mara nyingi twadhani kwamba kuaminiana hutangulia, ndipo mapatano hufuata. Mambo ya Argentina na Brazili yalikwenda kwa njia nyingine.

Nchi hizi zilishindania ukuu wa Amerika ya Kusini kwa miaka mingi. Zote mbili zilitawaliwa na wanajeshi, zote zilikataa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia wa mwaka 1968, na kila moja ilikuwa na mitambo ya kurutubisha urani isiyokaguliwa na mgeni. Urani iliyorutubishwa kidogo huendesha kinu cha umeme. Ikirutubishwa sana yafaa kwa bomu. Jirani atazamaye kutoka nje atajuaje nia iliyo ndani?

Mgogoro juu ya maji ya mto Paraná ulipokwisha mwaka 1979, mlango ulifunguka. Novemba 1985 Rais Raúl Alfonsín wa Argentina na Rais José Sarney wa Brazili, raia waliopokea madaraka baada ya wanajeshi, walikutana Foz do Iguaçu wakatoa tamko la pamoja. Mwaka 1987 Alfonsín alimkaribisha mwenzake katika mtambo wa Pilcaniyeu, uliokuwa siri hadi 1983. Mwaka uliofuata Sarney naye akamfungulia ule wa Iperó. Mwaka 1990 Rais Fernando Collor alitupa chokaa katika shimo la Cachimbo, lililohusishwa na majaribio ya bomu.

Hata hivyo marais hupita, na ziara zao husahauliwa. Ndiyo maana, kwa mapatano ya Guadalajara ya Julai 1991, liliundwa shirika la pamoja liitwalo ABACC, lenye makao yake Rio de Janeiro. Wakaguzi wa Brazili huingia katika mitambo ya Argentina, na wa Argentina katika ile ya Brazili. Huhesabu urani, hupiga lakiri, huweka kamera. Desemba mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki nalo likaunganishwa katika ukaguzi huo. Argentina ilijiunga na Mkataba wa 1968 mwaka 1995, Brazili mwaka 1998.

Hapa twakumbuka Mizpa. Sisi wachungaji tumezoea kuitumia kama neno la kuagana kwa upendo, ilhali Labani na Yakobo walirundika mawe yale kwa kuwa hawakuaminiana, wakawekeana mpaka. Wala hatulidharau agano la namna hiyo, liliwazuia wasidhuriane.

Mapatano haya yangali yakijaribiwa. Brazili inaunda manowari itakayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, na mwaka 2022 ilianza mazungumzo na Shirika la Kimataifa juu ya namna ya kukagua urani yake. Mkaguzi aliyezoea kufunga lakiri mlangoni mwa ghala atafanyaje kwa urani iliyo chini ya bahari kwa majuma mengi, katika chombo ambacho jeshi halitaki siri zake zionekane?