Uvimbe Unaodunda Si Jipu

Mzee akiota uvimbe nyuma ya goti, mara nyingi watu wa nyumbani husema: "Ni jipu hilo, leteni wembe." Ngojeni kwanza! Wekeni kidole polepole juu yake. Kama unadunda pamoja na mapigo ya moyo, wembe urudi mahali pake. Yamkini ni mshipa mkubwa wa damu ambao ukuta wake umelegea ukafura, kama mpira wa baiskeli uliochakaa. Ukiutoboa, damu itabubujika, na mzee aweza kufa mikononi mwenu.

Hata ukiachwa tu una hatari. Damu huganda ndani yake na kuziba njia, mguu ukafa, ukakatwa.

Zamani wengi walikatwa mguu mzima kwa ugonjwa huu. Lakini mwezi wa Desemba 1785, mjini London, mganga John Hunter alimpasua mwendeshaji wa gari la farasi, mtu wa miaka 45. Aliufunga mshipa kwa uzi huko pajani, juu ya uvimbe. Mishipa midogo ya kando ikapeleka damu mguuni, na baada ya majuma sita mgonjwa alitoka hospitali kwa miguu yake.

Mshipa mkuu wa tumboni nao hufura, hasa kwa wazee wanaume wavutao tumbako. Huu ni mwizi wa usiku: kwa kawaida hauumi mpaka siku ya kupasuka. Hapo maumivu makali hushika ghafula tumbo au mgongo, na mtu hutoka jasho na kuzimia. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Tarehe 29 Machi 1951, mjini Paris, mganga Charles Dubost aliukata mshipa wa namna hiyo, akaunga mahali pake mshipa wa mtu aliyekwisha kufa. Siku hizi waganga hutumia bomba la kitambaa imara. Tena tangu 1990, mganga Juan Parodi alipoanza huko Argentina, wagonjwa wengine huingiziwa bomba hilo kwa njia ya mshipa wa kinenani, bila kupasuliwa tumbo.

Basi, akina baba, acheni tumbako. Nanyi vijana, mkiona uvimbe unaodunda, mpelekeni mzee zahanati, aandikiwe barua ya kwenda hospitali kubwa. Mwili ni amana ya Mungu. Tusiuchezee kwa wembe.