Unataka kushusha gari? Pima haya kabla hujakutana na tuta

- Kushusha gari kidogo hulisaidia kwenye kona, kulishusha sana hulifanya liwe hatari.
- Kimo hupimwa dereva akiwa ndani, upepo wa tairi ukiwa sawa na gari likiwa sehemu tambarare.
- Alaimenti hufanyika mwisho, si mwanzo.

Dodoma. Ukitoka katikati ya Jiji la Dodoma kuelekea Arusha unapita Miyuji kwenye lami nzuri. Ni barabara ileile inayokwenda Kondoa na Babati, ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2018. Kwa kijana mwenye Altezza, Mark X au Subaru, lami ya namna hii inaleta hamu ya gari lililolala chini kama yale ya mashindano.

Ila ukikata kona kuingia mitaani, mambo yanabadilika. Kuna vumbi, vikorongo vilivyochimbwa na mvua, na matuta. Gari lilelile lililokuwa tamu kwenye lami linaanza kukwangua.

Sasa gari la kukimbia uwanjani, ambalo bado linarudi nyumbani kila siku, linatakiwa liwe chini kiasi gani? Jibu fupi ni kwamba liwe chini kadiri springi na barabara vinavyoruhusu, si kadiri macho yanavyotaka.

Kwa nini gari hushushwa

Gari likikata kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Shida ni kwamba tairi likiongezewa uzito mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Kwa hiyo uzito ukihama kidogo, tairi zote nne zinafanya kazi vizuri zaidi.

Chukua mfano wa gari la kilo 1,400, lenye upana wa mita 1.5 kati ya tairi la kushoto na la kulia, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 50 juu ya ardhi. Kwenye kona kali, ambapo nguvu ya kulisukuma pembeni inafika asilimia 80 ya uzito wake, kilo kama 373 huhamia upande wa nje. Ukilishusha sentimita 3, zinakuwa kama 351.

Umeokoa kilo 22 hivi. Ni faida ya kweli, lakini si muujiza.

Ukizidisha, faida inageuka hasara

Kwanza, shokapu inahitaji nafasi ya kubonyea. Ukishusha gari bila springi ngumu zaidi, nafasi hiyo inaisha haraka na gari linagonga raba ya kuzuia. Likigonga katikati ya kona, tairi linaweza kupoteza mshiko ghafla na gari likateleza.

Pili, kuna mkono wa chini unaoshika tairi, ambao mafundi huuita loa amu. Gari likishuka mno, mkono huo unainuka upande wa tairi. Kwenye magari mengi yenye shokapu zilizosimama mbele, pointi ambayo bodi inalalia hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Matokeo yake, gari huwa na tabia ya kulala zaidi kwenye kona, kinyume na ulichokitaka.

Tatu, pembe za tairi zinabadilika. Usukani unaanza kuvuta ukipita kwenye shimo, na tairi zinalika upande wa ndani.

Njia mbaya kuliko zote ni kukata springi. Springi iliyokatwa inaweza kulegea na kutoka kwenye kikalio chake pale tairi linapoachia ardhi, kwa mfano baada ya kuruka tuta.

Jinsi ya kupima

1. Tafuta sakafu tambarare. Gereji yenye sakafu ya udongo itakupa vipimo vya uongo.

2. Jaza upepo asubuhi, tairi zikiwa za baridi. Jua la mchana na mwendo hupandisha upepo, na kimo nacho hubadilika.

3. Weka mafuta nusu tenki na dereva akae kwenye kiti chake. Kama unapima peke yako, weka mifuko ya mchanga yenye uzito wako.

4. Ukishaondoa jeki, sukuma gari mbele na nyuma mita chache. Likitoka kwenye jeki, tairi huwa zimejibana na gari linaonekana liko juu kuliko ukweli.

5. Pima kona zote nne, kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake. Kipimo hiki hakidanganywi na tairi lililolika. Kisha pima kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa ya gari, mara nyingi sampo au ekzosi. Andika vyote.

Kurekebisha koilova

Koilova ni shokapu na springi yake katika kifaa kimoja chenye ringi za kuzungusha. Zilizo bora zina marekebisho mawili, ringi ya springi juu na mguu wa shokapu chini.

Kosa linalofanyika sana ni kushusha gari kwa kulegeza ringi ya springi. Kama koilova yako ina marekebisho yote mawili, kimo kirekebishwe kwa mguu wa chini. Ringi ya springi kazi yake ni kuibana springi isicheze.

Kwa gari linalotumika pia barabarani, anza na milimita 20 hadi 30 chini ya kimo cha kiwandani, mbele pawe chini kidogo kuliko nyuma. Badilisha milimita 5 kwa wakati, kushoto na kulia kwa pamoja, kisha pima upya.

Usiguse kona moja peke yake bila mizani. Gari ni kama kigoda cha miguu minne. Ukirefusha mguu mmoja, uzito unakwenda kwenye mguu huo na ule ulio mkabala nao kwa mshazari, na miwili iliyobaki inaelea. Gari la hivyo linaweza kukata kona ya kushoto vizuri na kugoma kulia.

Kimo kikishakaa sawa ndipo ufanye alaimenti. Ukianza na alaimenti halafu ukashusha gari, umetupa hela. Rekebisha na taa za mbele pia, kwa sababu mwanga wake umehama.

Usisahau abiria

Gari linalopita salama ukiwa peke yako linaweza kukwangua ukibeba watu. Watu wanne wenye jumla ya kilo 280, kwenye gari la springi za ugumu wa kawaida, wanaweza kulishusha sentimita 2 hivi. Ukijumlisha na sentimita 3 ulizoshusha mwenyewe, tayari umepoteza sentimita 5.

Hata wakubwa hukosea

Kwenye Formula 1, milimita moja inatosha kukutoa. Kila gari lina ubao chini wenye unene wa milimita 10, na ukilika hadi chini ya milimita 9 gari linaondolewa. Mwaka 2023 mjini Austin, Marekani, Lewis Hamilton aliyemaliza wa pili na Charles Leclerc aliyemaliza wa sita walifutiwa matokeo kwa kosa hilo.

Safari Rally ni kinyume kabisa. Mbio hizo zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, leo hufanyika Naivasha, na magari yake huinuliwa ili yapite kwenye mawe, mashimo na maji. Toyota ilishinda huko miaka 5 mfululizo, 2021 hadi 2025, ikiwa na magari yaliyokaa juu.

Hakuna kimo kimoja cha ushindi. Barabara ndiyo inayoamua.

Jaribio la mwisho

Funga kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu na uishushe hadi iguse mwili wa shokapu. Kisha endesha njia yako ya kila siku kwa mwendo wa kawaida. Maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na mwendo wa mashindano uuache uwanjani.

Ukirudi, angalia kamba. Kama imesukumwa mpaka kwenye raba ya kuzuia, gari liko chini mno. Inua milimita 5, pima tena.