Redio ya gari inasikia lakini haisemi: Pa kuanzia kabla ya kutoka Juba

JUBA: Wasafirishaji wanaotumia simu ya upepo, au redio koli kama wengi wanavyoiita, huifahamu hitilafu hii. Redio iliyofungwa garini inapokea vizuri na sauti za wenzake dereva zote zinasikika, lakini yeye akibonyeza kitufe na kuongea, hakuna anayemjibu. Wengi huamua hapo hapo kwamba redio imekufa.

Mara nyingi redio ni nzima. Tatizo huwa nje yake: kwenye umeme unaoilisha, kwenye maiki au kwenye antena. Vitu hivyo vitatu fundi wa umeme wa magari anaweza kuvikagua kwa muda mfupi, gari likiwa bado limeegeshwa mjini.

Barabara ya Juba hadi Nimule ina urefu wa kilomita 192. Lami yake ilikamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, na ndiyo njia kuu ya bidhaa zinazotoka Mombasa kupitia Malaba, Gulu na Elegu. Nje ya miji, mtandao wa simu za mkononi si wa kutegemea kila mahali. Mwaka 2021 madereva wa malori kutoka nchi jirani walisimamisha safari na kuegesha Elegu, wakidai usalama baada ya wenzao kushambuliwa njiani. Kwa anayekwenda Torit, Yei au Bor, redio inayosema ndiyo tofauti kati ya kuharibikiwa ukiwa na wenzako na kuharibikiwa peke yako.

Kusikia ni rahisi, kusema kuna gharama

Redio inapopokea hutumia umeme kidogo, chini ya ampea 1. Inaporusha sauti huvuta mara nyingi zaidi. Redio ya VHF ya gari, ile ya mawasiliano ya karibu, huweza kuhitaji ampea 5 hadi 10. Ya HF ya wati 100, ile ya umbali mrefu, huweza kufika ampea 20.

Chukua waya wenye kiungo kilichoshika kutu, ukinzani wake ukiwa omu 0.1 tu. Redio ikipokea kwa nusu ampea, umeme unaopotea njiani ni volti 0.05, na hakuna atakayetambua. Ikirusha kwa ampea 20, zinapotea volti 2. Betri ya volti 12.5 inaifikishia redio volti 10.5, nayo inazima au inakataa kurusha. Ndiyo maana redio inayosikia vizuri bado inaweza kuwa na njaa ya umeme.

Kwa hiyo kipimo kifanyike nyuma ya redio, si kwenye betri, na kifanyike mtu mwingine akiwa amebonyeza kitufe. Injini ikiwaka, gari la volti 12 linapaswa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.4. Zikishuka sana mara kitufe kinapobonyezwa, fundi afuate waya: fyuzi na kishikio chake, vichwa vya betri, na waya wa ethi ulipofungwa kwenye bodi. Rangi na vumbi chini ya boliti ya ethi hutosha kuleta tatizo lote.

Malori yana jambo lao. Mengi hutumia volti 24, na redio nyingi zimetengenezwa kwa volti 12. Konveta ndogo iliyowekwa kwa ajili ya redio ya muziki haiwezi kubeba redio koli inaporusha. Kuna wanaochukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Njia hiyo inachosha betri moja huku nyingine ikijazwa kupita kiasi, na mwisho zote mbili zinaharibika. Konveta yenye ampea za kutosha ni nafuu kuliko jozi ya betri.

Soma dalili kabla ya kufungua kitu

Nyingi ya redio hizi zina taa au alama inayowaka zinaporusha. Hiyo ndiyo shahidi wa kwanza.

Taa isipowaka kabisa, chunguza maiki. Waya wake uliojikunja hukatika ndani karibu na kichwa, kwa kuvutwa kila siku. Azima maiki ya gari jingine lenye redio ya aina ile ile. Taa ikiwaka, kazi imekwisha.

Taa ikiwaka kisha redio ikazima au kujiwasha upya, rudi kwenye umeme.

Taa ikiwaka, na wenzako wakasikia kimya badala ya mvumo wa kawaida wa chaneli, redio inarusha lakini sauti haiingii. Hapo pia ni maiki.

Taa ikiwaka, na gari lililo mita 50 likakusikia huku la mbali likikukosa, shuku antena.

Taa ikibaki inawaka wakati hakuna anayebonyeza, kitufe kimekwama. Maiki iliyobanwa chini ya kiti huziba chaneli ya msafara mzima. Redio nyingine zimewekewa kinga ya kutorusha chaneli ikiwa na mtu, hivyo magari yote yataonekana mabovu kumbe kosa ni la gari moja.

Antena na kebo yake

Antena hupigwa na matawi, hutikiswa na mashimo, na msimu wa mvua maji huingia kwenye viungo. Fundi achomoe kebo pande zote mbili na kupima: waya wa kati usigusane na wavu wa nje, na kila mmoja uwe mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitako cha antena kikazwe, na kutu iondolewe.

Mwenye mita ya kupima nguvu inayorudi atapata jibu la haraka. Uwiano wa 1.5 kwa 1 au chini yake ni mzuri. Ukifika 3 kwa 1, robo ya nguvu inarudi kwenye redio badala ya kwenda hewani, na redio nyingi hupunguza nguvu zenyewe ili zisiungue.

Kamwe kitufe kisibonyezwe antena ikiwa imechomolewa, kwani sehemu ya kurushia huweza kuungua kwa sekunde chache. Mtu asiguse antena ya HF redio ikirusha, maana inaunguza ngozi. Na kwa malori ya mafuta, redio isirushe wakati wa kupakia au kushusha.

Pengine hakuna kilichoharibika

Chaneli huweza kuwa imepangwa kwa kupokea tu. Inayopitia ripita inahitaji masafa ya kurushia na toni sahihi. Toni ikikosewa, ripita haifunguki hata kama redio ni mpya. Umbali nao una mipaka: VHF kati ya gari na gari haivuki milima wala haifiki mamia ya kilomita. HF hufika mbali kwa kudunda kwenye tabaka la juu la anga, lakini kwa kawaida masafa ya chini hufaa zaidi usiku na ya juu mchana. Anayetumia chaneli ya mchana saa nne usiku asilaumu fundi.

Karatasi nazo ni sehemu ya redio. Masafa husimamiwa na mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi: Juba, Kampala na Nairobi kila moja ina yake. Mwenye gari ahakikishe kibali chake kinakubalika katika kila nchi anayopita, na nakala ikae garini. Redio isiyo na karatasi huzua maswali kwenye vizuizi, hasa mahali penye wasiwasi wa usalama.

Hesabu ya mwisho ni ya biashara. Maiki ya akiba, fyuzi chache za kipimo sahihi na kichwa kimoja cha kebo vinaenea kwenye mfuko mdogo. Lori lililosimama porini linakula posho ya dereva na tozo za kontena, na shehena ya mboga ikichelewa inaozea humo humo. Jaribio lifanywe kabla ya kuwasha safari: gari moja liite, jingine lijibu likiwa mbali. Asiyejibiwa asitoke Juba.